Kidole Ni Changu, Maneno Si Yangu

Akinyi, nyara, binti yangu,

Umekwenda Nyamasaria kumuaga shangazi yako, na najua hatakuachilia kabla hujala. Baba yako yuko nje, analifunga sanduku lako kwa kamba mara ya pili, ingawa mara ya kwanza lilikuwa limefungwa vizuri. Mimi nimekaa mezani karibu na dirisha, jua bado liko juu. Mambo ya blanketi, ya sabuni, ya kutokubali chakula cha mtu usiyemjua ndani ya basi, shangazi yako atakuwa ameyamaliza yote. Sitayarudia.

Nakuandikia kwa Kiswahili badala ya Dholuo kwa sababu haya ninayotaka kukuambia ni ya kazini kwangu, na kazini ndiko Kiswahili changu kilikokomaa. Ukiona mahali nimeandika kama mtu aliyesimama kortini, nivumilie. Ni mazoea ya miaka mingi.

Jumapili iliyopita, tulipokuwa tunachambua mboga, ulisema neno. Ulikuwa umesoma gazetini kwamba kuna wanasheria wanaotaka ile hatua ya hakimu katika kesi za mauaji ifutwe kabisa, mshtakiwa apelekwe moja kwa moja kwa jaji. Ukasema, "Mama, si waifute tu? Hakimu anapiga muhuri tu. Ni kupoteza wakati wa watu." Baba yako akacheka, akasema umekuwa wakili kabla hujafika chuoni. Mimi nikanyamaza, ukadhani nimekasirika.

Sikukasirika. Ulikuwa umesema, karibu neno kwa neno, jambo nililowahi kulisema mimi, kwenye meza hii hii, wewe ukiwa bado unakaa kwenye paja la baba yako. Sikutaka kukujibu haraka haraka na mboga mkononi.

Nilipoanza ukalimani katika mahakama ya hapa Kisumu, kesi ya mauaji ilikuwa na milango miwili. Mlango wa kwanza ulikuwa wa hakimu. Hakimu hakuwa na uwezo wa kumhukumu mtu kwa mauaji. Kazi yake ilikuwa kuwaita mashahidi wote, mmoja mmoja, kuwasikiliza, na kuamua kama kweli kuna kesi ya kumpelekea jaji. Akiona hakuna, anamwachilia mshtakiwa aende nyumbani. Akiona ipo, ndipo mtu anaingia mlango wa pili, Mahakama Kuu, mbele ya jaji na wazee wa baraza watatu. Huko, ukipatikana na hatia, ni kitanzi.

Ni utaratibu uliokuwa na maana, lakini ulikuwa unaumiza watu. Wewe hujui mkalimani anafanya nini hasa. Mkalimani hasemi, "Huyu mama anasema alimwona mtoto wake." Anasema, "Mimi nilimwona mtoto wangu." Neno la shahidi linatoka kwenye kinywa chako kama lako. Nilikuwa nimeanza kazi karibuni alipoletwa mama mmoja kutoka upande wa Kano, ambaye binti yake alikuwa ameuawa. Akaeleza kwa hakimu jinsi alivyomkuta. Nikaeleza naye, kila kitu, mimi, mimi, mimi. Kesi ikapanda kwa jaji, na siku nyingi zilipokwisha kupita, akaitwa tena kuyasema yale yale. Alipofika pale pa kumkuta mtoto akaniangalia mimi, wala hakumwangalia jaji, akaniambia kwa Dholuo, kwa sauti ndogo, "Si wewe unayajua? Waambie wewe." Sheria haikuniruhusu. Ikabidi ayaseme.

Na hayo ni ya mashahidi. Washtakiwa nao walikuwa wanazeeka rumande wakingoja mashahidi wa mlango wa kwanza wapatikane. Huyu hana nauli, yule kahamia Nairobi, mwingine kafa. Kesi inaahirishwa, inaahirishwa tena, na mtu anarudi kwenye lori la magereza akiwa hajaulizwa lolote.

Kwa hiyo sheria ilipobadilishwa, nilifurahi. Sheria mpya ilisema hakimu hatawaita tena mashahidi. Polisi wataandika maelezo yao, maelezo yatafungwa pamoja, na hakimu atayasoma tu. Akiona yanatosha, anaipandisha kesi kwa jaji. Mama wa Kano angesema mara moja tu. Siku hiyo niliwanunulia makarani wenzangu mandazi, na jioni nikamwambia baba yako kwamba kuanzia sasa mateso yamekwisha. Baba yako, ambaye unajua hapendi kuvunja furaha ya mtu, aliniuliza tu, "Na hayo maelezo, anayaandika nani?" Nikamwambia aache wasiwasi wake wa mfanyakazi wa reli. Hilo ni moja ya makosa yangu mengi. Niliona kilichoondolewa, nikashangilia, sikuuliza nafasi yake inachukuliwa na nini.

Sasa nikueleze habari za Bwana Wafula. Alikuwa hakimu wetu wakati huo, mtu wa upande wa Bungoma, mrefu, mwenye kuinama kidogo kana kwamba milango yote ilijengwa kwa watu wafupi. Hakujua Dholuo zaidi ya salamu, lakini salamu zenyewe alizitoa zote, kwa kila mtu, hata kwa mshtakiwa aliyefungwa pingu. Sheria mpya ilipokuja, kazi ya mlango wa kwanza ikawa nyepesi mno. Nimeona mahakimu wakiipandisha kesi ya mauaji ndani ya muda wa kuchemsha chai. Bwana Wafula aliyabeba maelezo nyumbani. Mke wake alinilalamikia siku moja kwamba wanakula huku maiti za watu wengine zimewekwa mezani. Nikamuuliza Bwana Wafula mwenyewe kwa nini anajisumbua. Akasema, "Zamani walisimama mbele yangu. Sasa wako ndani ya karatasi. Lazima niwatafute."

Ndipo ikaja kesi ya ufuo wa Bondo.

Kijana mmoja, mvuvi, jina lake Otieno, alikutwa alfajiri amelala mchangani kati ya mashua, amepasuka kichwa, amekufa. Siku iliyotangulia, watu walimsikia akigombana na mwenzake, Okumu. Walikuwa wakivua kwa wavu mmoja tangu wakiwa wavulana, na wavu ukiwa mmoja, ugomvi haukosekani. Polisi wakamkamata Okumu. Maelezo yakaandikwa, na mazito kuliko yote yalikuwa ya mama wa marehemu. Huyo mama kila mtu alimwita Min Otieno, mama wa Otieno, kwa kuwa hakuwa na mtoto mwingine. Ilikuwa imeandikwa kwamba alimwona Okumu, kwa macho yake, akimpiga Otieno kwa kasia.

Siku ya kesi kuja kwa Bwana Wafula, hakuna shahidi aliyeitwa, maana sheria haikuwa na haja nao. Chumba kilikuwa karibu kitupu. Okumu alisimama kizimbani, anatafuta sura anayoijua. Na nyuma kabisa, kwenye benchi la mwisho, alikaa mwanamke mwembamba, amefunga kitambaa kichwani, miguu ina vumbi la safari. Nikadhani ni mama wa Okumu.

Mwendesha mashtaka akasimama, akaeleza kwa ufupi maelezo yaliyomo. Nami nikawa namtafsiria Okumu kwa Dholuo, kama kawaida yangu, kwa sauti ya kusikika. Nikafika pale pa kusema kwamba mama wa marehemu alimwona akipiga kwa kasia. Yule mwanamke wa nyuma akasimama.

"Nani amesema hivyo?" akauliza kwa Dholuo.

Askari wa korti akamwendea. "Mama, kaa chini. Hapa ni kortini."

"Nitakaa. Lakini nani amesema mimi niliona?"

Bwana Wafula akainua kichwa. "Huyo mama ni nani, na anasema nini?"

Nikamwambia. Ndipo mimi pia nilipoelewa. "Mheshimiwa, ni mama wa marehemu. Anauliza ni nani aliyesema kwamba yeye aliona."

Mwendesha mashtaka hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana, na alisema kilichoandikwa katika sheria. "Mheshimiwa, shahidi hawezi kusikilizwa katika hatua hii. Atasikilizwa Mahakama Kuu. Sasa hivi tuna maelezo yake tu, na ameyawekea alama ya kidole."

Zamani, Akinyi, jambo hilo lingechukua asubuhi moja. Hakimu angemwita mbele, angemwapisha, angemuuliza, na maelezo yote yale yangeanguka pale pale. Okumu angelala kwake juma hilo hilo. Sasa mama alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwa hakimu, kila mtu anamwona, na hapakuwa na njia ya kumsikia.

Bwana Wafula alifanya alichoweza. Aliahirisha kesi, akaomba maelezo ya yule mama yaandikwe upya kwa mkalimani anayefaa. Siku ilipofika, maelezo mapya hayakuwepo. Tuliambiwa mama ni mgonjwa. Akaahirisha tena. Tukaambiwa afisa aliyeandika amehamishwa. Mwendesha mashtaka akasimama akasema anategemea maelezo yaliyopo, na yaliyopo, kama yanavyosomeka, yanatosha. Na kweli yalitosha, kama yanavyosomeka. Mama mwenyewe alikuwa pale tena, mzima wa afya, kwenye benchi lile lile. Alikuwa amekuja mara zote.

Bwana Wafula akaipandisha kesi kwa jaji. Nimemfahamu mtu yule miaka mingi, na sijawahi kumwona akiandika polepole kama siku hiyo. Alipomaliza akaweka kalamu, akanigeukia.

"Mwambie mama hivi. Mwambie sheria hainiruhusu kumsikiliza. Lakini nimeandika kwamba alisimama mbele yangu akakataa maneno haya. Mwambie siku atakapoitwa kwa jaji, aje. Hata kama watu watamwambia asije."

Nikamwambia. Min Otieno akamtazama hakimu kwa muda mrefu, kama mtu anayepima kitambaa sokoni kabla ya kununua. "Nitakuja," akasema. Akatoka.

Okumu alikaa rumande zaidi ya mwaka. Nitakueleza yaliyompata, kwa sababu haya hayaandikwi popote. Mke wake alivumilia kwa muda, kisha akarudi kwao na watoto. Sehemu yake ya wavu ikachukuliwa na wengine, maana samaki hawamngoji mtu aliye ndani. Mama yake akafa, akazikwa bila yeye kutupa hata konzi moja ya udongo. Hayo yote yalimpata mtu ambaye hakuna aliyekuwa amemhukumu.

Na Min Otieno? Nilikuja kujua habari zake sokoni Kibuye, siku ya Jumapili, nilipokwenda kununua omena, dagaa wetu wa ziwani. Nilipoinua macho, aliyekuwa anapima ni yeye. Mkalimani haruhusiwi kuzungumza na shahidi habari za kesi, na mimi sikuzungumza. Yeye ndiye aliyezungumza.

Alinieleza kwamba siku polisi walipokuja kuandika, yule afisa hakujua Dholuo. Shemeji yake, Mzee Ogola, ndugu wa marehemu mumewe, ndiye aliyekaa katikati akitafsiri. Mzee Ogola aliamini kwa moyo wake wote kwamba Okumu ndiye aliyeua. Mama akisema, "Niliwakuta watu wanasema ni Okumu," Mzee Ogola anasema, "Aliona ni Okumu." Kisha wakamshika kidole wakakiweka mahali pake.

"Sasa wanataka niseme kama ilivyoandikwa," akaniambia, mkono wake ukiendelea kupima. "Wanasema nikikataa, nimemuuza mwanangu. Wake wenzangu hawanisalimii. Juzi nilienda matanga, hakuna aliyenipa mahali pa kukaa."

Nilisahau sheria yangu, nikamuuliza, "Na wewe, mama, hudhani ni Okumu?"

"Mimi sijui ni nani. Nikisema ni huyu, basi nitakuwa nimeacha kumtafuta aliyemwua mwanangu."

Akaniongezea omena juu ya kipimo, akamgeukia mteja mwingine. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilikuwa nimesikia mawakili wengi wakizungumza juu ya haki, wengine kwa Kiingereza kizuri sana. Sijui kama nilikuwa nimesikia mtu akiisema hivyo.

Kesi ilipofika kwa jaji, ukumbi ulijaa. Ukoo mzima wa Otieno ulikuja, Mzee Ogola akakaa mbele, kofia yake juu ya goti. Mimi ndiye niliyepangiwa ukalimani. Min Otieno akaapishwa. Mwendesha mashtaka, safari hii mtu mzima wa makamo, akamwonyesha maelezo.

"Mama, hii alama ya kidole ni yako?"

Nikamuuliza. Akainama akaiangalia vizuri.

"Kidole ni changu," nikasema, kwa maana ndivyo alivyosema. "Maneno si yangu."

"Maneno ni ya nani?"

Hapo akainua macho kutoka kwenye karatasi. Mzee Ogola alikuwa anamtazama, na nyuma yake watu wote ambao angerudi kuishi nao jioni ile. Nami ndiye ambaye ningelisema, kwa kinywa changu, kwa "mimi" yangu, lolote atakaloamua.

"Ni ya shemeji yangu," akasema. "Yeye hakudanganya. Alisema anachoamini. Lakini mimi sikuona."

"Basi uliona nini?"

"Nilisikia kelele, nikatoka. Nilimwona mwanangu amelala mchangani. Okumu alikuwa amepiga magoti, amemshika kichwa, anaita watu walete maji. Hayo ndiyo niliyoona. Mengine ni ya kuambiwa."

Jaji akamuuliza tena, na tena, polepole, na kila mara jibu lilirudi lile lile. Sikulipamba, sikulipunguza. Katika miaka yangu yote ya kazi, sijawahi kuona fahari kumwazima mtu kinywa changu kama siku ile.

Mmoja baada ya mwingine, wazee wa baraza walisema hawaoni hatia. Jaji akakubaliana nao. Okumu akafunguliwa pingu, akabaki amesimama mle mle kizimbani, mpaka askari akamgusa bega akamwambia anaweza kwenda.

Kilichofuata nilikiona kwa dirisha la ofisi ya makarani. Unajua sisi Wajaluo: watu wa marehemu hawali chakula kimoja na aliyemwaga damu yao. Ni mwiko unaoogopwa hata na wale wanaokwenda kanisani kila Jumapili, kwa sababu huleta chira, ile laana inayokausha mtu na watoto wake. Min Otieno alikuwa na kikapu. Akaketi kwenye nyasi mbele ya mahakama, akakunjua kitambaa, akatoa ugali uliopoa na samaki wa ngege wa kukaanga. Akamwita Okumu, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Njoo tule, nyathina." Mwanangu.

Okumu hakuweza kusogea. Kwa hiyo yeye akamega kwanza, akala. Kisha akamega tena, akanyoosha mkono. Okumu akaja akapiga magoti, akapokea. Wakala pamoja mbele ya ukoo mzima. Baadhi ya wanawake walifunika vinywa. Mzee Ogola alisimama mbali, kofia mkononi. Hakula, lakini hakuondoka.

Bwana Wafula alikuwa ameshahamishiwa kituo kingine, mbali. Nikaomba ruhusa nikampigia simu ya ofisini. Nikamwambia kesi ya ufuo wa Bondo imekwisha, Okumu ameachiliwa. Akauliza, "Mama alikuja?"

"Alikuja, Mheshimiwa."

"Basi," akasema. "Asante kwa kuniambia."

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani uliponitazama juu ya mboga.

Usinielewe vibaya. Sikuandikii ili useme sheria ya zamani irudi. Baada ya mabadiliko yale sikumwona tena mama akilazimishwa kufukua maiti ya mtoto wake mara mbili mbele ya watu, na nikimkumbuka yule mama wa Kano, bado nasema waliobadilisha walifanya jambo la huruma. Lakini ile huruma Okumu aliigharimia, na hakuna aliyemwuliza kama anaweza. Alirudi ufuoni akaanza upya akiwa mtu aliyekonda. Watoto walirudi kwake baadaye sana, wakimwita "mzee" kama mgeni. Muuaji wa Otieno hajajulikana hadi leo.

Huenda hata hilo unalolisema ni kweli, na mlango wa kwanza ufungwe kabisa. Wewe utasoma vitabu ambavyo mimi niliviona migongo tu kwenye rafu za mahakimu. Huenda siku moja utakuwa kwenye chumba ambamo watu wanaamua nini kifutwe na nini kibaki, na hapo mama yako hatakuwepo kunyamaza kwa namna ya kukuudhi. Nakujua. Tangu ukiwa mdogo huwezi kuona fundo bila kulifungua. Ni tabia ninayoipenda kwako kuliko zote, na ndiyo inayonitia hofu kidogo. Mimi pia nilipenda kufungua. Nilichokosa ni ile subira ya Bwana Wafula, ya kubeba karatasi nyumbani na kumtafuta mtu aliye ndani yake.

Nilimwona Min Otieno mara ya mwisho miaka michache iliyopita. Nilikuwa nimekwenda Bondo kwa mazishi, nikapita kwake. Ameinama sasa, lakini alinitambua kwa sauti kabla ya sura. Alinikaribisha chai, na chai ilipopoa nikamuuliza jambo nililokuwa nimelibeba muda wote ule. Nilimwuliza kama hakuikasirikia mahakama, kwa mwaka ule mzima, kwa kumwacha asimame nyuma ya chumba bila kumsikiliza, kwa kumwacha arudi peke yake kwa watu waliomtenga.

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu hata swali la sukari.

"Hapana," akasema. "Mimi sikuwa na hasira. Nilikuwa nangoja tu mtu aniulize."

Baba yako anaingia, anataka kujua kama kamba ya tatu itafaa. Ngoja nimwambie aache. Nenda salama, Akinyi, na ukifika, tuandikie kwa lugha yoyote unayoitaka. Hapa nyumbani yuko mtu wa kutafsiri.

Ni mimi, mama yako anayekuonea fahari.